Kandambili za Wifi Mlangoni

Nianze na aibu yenyewe, halafu mkimaliza kusoma mnitukane. Mwanangu aliacha kulia ninapotoka kwenda kazini, na mimi, badala ya kushukuru, nikamchukia aliyemnyamazisha.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo tu: mimi ni fundi wa mapazia kwenye karakana moja. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha. Tuna mtoto mmoja wa kiume, anakaribia kutimiza miaka mitatu, na hasemi. Si kwamba anasema kwa shida. Hasemi. Ananyoosha kidole, na nyumba nzima inakimbia. Ndiyo maana baba yake akambandika jina la Meneja.

Tena alikuwa ameniganda kama kupe. Nikiingia chooni, yuko mlangoni anagonga. Vituo viwili vya kulelea watoto vilimrudisha, maana alilia mpaka akatapika, na wenzake wote wakaangua kilio kwa kumsikia yeye.

Wiki iliyopita simulizi niliikatia pale wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliposhuka getini na begi lake moja.

"Nimekuja kukushikia mtoto, wifi," alisema. "Wewe nenda kashone, tusije tukafa njaa."

Nilimkumbatia. Naapa, siku ile nilimkumbatia kwa moyo mweupe.

Wifi ni msusi. Kwenye kazi ile, vidole vikifanya kazi na mdomo nao unafanya kazi, na wifi mdomo wake haujui likizo. Alikuwa na kiti chake saluni, akamwachia shoga yake akija kwetu. Hana mtoto. Mimba zake zote ziliharibika, na mumewe akachoka kusubiri, akaoa kwingine. Hayo yote nilikuwa nayajua. Yawekeni akilini, maana mtayahitaji mbele.

Kabla hajaja, mimi nilikuwa na ujanja wangu wa asubuhi. Meneja akishika kipande chake cha mkate, naziweka kandambili zangu mlangoni mwa chumba cha kulala, nawasha redio ndani, naurudisha mlango. Halafu natoka mlango wa nyuma, viatu vya kazini mkononi, nanyata kama mwizi. Mtoto akiziona kandambili anajua mama yumo ndani. Anakaa pale pale sakafuni, anangoja. Jirani aliyekuwa ananishikia wakati ule aliniambia hasumbui kabisa, anakaa tu.

Nikajiona mjanja kweli kweli.

Wifi aliukuta ujanja huo asubuhi yake ya kwanza, akauvunja asubuhi ya pili.

"Leo unatoka mlango wa mbele," akaniambia. "Unamuaga."

"Atalia."

"Alie. Anayelia anajua umeondoka. Huyu anayekaa mlangoni anajua nini?"

Alimbeba mpaka getini. "Mwambie mama kwaheri. Mama anakwenda kushona. Jioni mama atarudi." Meneja alipiga ukelele hadi fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaacha nyundo hewani. Nilienda kazini nikilia na mimi, nikashona upindo wa pazia juu chini, msimamizi akaniambia nifumue.

Nilimwambia mume wangu dada yake ananitesea mtoto. Akasema tumpe muda.

Basi tukampa muda. Na kile kilio kikapungua, kikawa kelele ya kudeka, kikawa kunung'unika, hadi asubuhi moja Meneja akanipungia mkono kutoka begani kwa shangazi yake, macho makavu, kisha akageuka kumtazama paka.

Paka, jamani. Mimi mama yake naondoka, yeye anatazama paka.

Nilifika kona nikasimama. Nilikuwa nangoja angalau kasauti kadogo kanirudishe. Hakikutoka kitu. Roho iliniuma kuliko siku zote alizokuwa analia, na kwa mara ya kwanza nikamwita wifi jina baya moyoni mwangu. Silirudii hapa.

Tukaja kwenye siku ya hospitali.

Masikio ya Meneja yalishapimwa, yako salama. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa watoto wanaochelewa kusema, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani na chumba kilichojaa mipira. Tuliingia watatu: mimi, wifi na mtoto. Meneja alikuwa amelala begani kwa wifi, maana mimi nilikuwa nimeshika mafaili na mkoba.

Mtaalamu akamtazama wifi, akatabasamu. "Karibu, mama. Na huyu ni dada?"

"Mama ni mimi," nikasema.

"Samahani sana."

"Usijali," nikasema, huku najali mpaka kwenye kucha.

Akainama kwa Meneja. "Hujambo, bwana mkubwa. Unaitwa nani?"

"Anaitwa Meneja," nikajibu.

"Meneja, unapenda mpira upi?"

"Anapenda ule mwekundu. Wa bluu hautaki, anaogopa yale madoa."

Akaweka mpira mwekundu juu ya kabati. Meneja akanyoosha kidole. Mimi nikanyanyuka nikauchukua, nikampa.

Mtaalamu akavaa miwani yake, akanitazama. "Mama, mimi sikukuuliza wewe."

Wifi akakohoa. Ninakijua kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Huyu mtoto wako anaelewa kila kitu," mtaalamu akaendelea, kwa upole. "Tutamfuatilia, wapo wanaohitaji msaada zaidi, na nitataka kumwona tena. Lakini kwanza nataka mfanye jambo moja nyumbani. Akinyoosha kidole, mngojeni. Mtajieni kile kitu, kisha mnyamaze, mumtazame. Mpeni nafasi. Nyumbani anasema saa ngapi, kama kila kitu amesemewa?"

"Lakini mimi ninamwelewa," nikasema.

"Naona. Unamwelewa sana."

Hakulisema kwa ubaya, lakini nililichukua kwa ubaya. Mnajua ni kwa nini? Kwa sababu kile ndicho kitu changu pekee. Mume wangu haelewi Meneja akigusa shavu maana yake nini. Bibi yake haelewi. Mimi ndiye niliyejua kwamba shavu ni usingizi, na kuvuta sikio ni kutaka nje, na kidole kwenye dari ni kutaka kubebwa mabegani. Watu walikuwa wananigeukia, "Anasemaje?", na mimi naeleza, nimevimba kama mkalimani wa rais. Sasa mtu anataka niache.

Nyumbani wifi akaanza kutekeleza maagizo. Mimi nikaanza kuyavunja.

Meneja ananyoosha kidole kwenye jagi. Wifi anasema, "Maji? Unataka maji?" kisha anakaa kimya, anamtazama kama ana siku nzima. Mtoto ananigeukia mimi. Mimi nishamwaga maji kwenye kikombe.

"Wifi, mngoje kidogo," ananiambia.

"Mtoto ana kiu."

"Kiu ya dakika moja haiui."

"Wewe umejuaje kiu ya mtoto?"

Akageuka, akaanza kufuta meza. Nikajifanya sijui nilichosema.

Nilianza kumchunguza sasa. Nikirudi jioni nanusa mtoto kama ananukia mafuta ya nywele ya shangazi yake. Nawauliza walifanya nini mchana, na nikijibiwa kwa furaha nanuna, nikijibiwa kwa mkato nanuna zaidi. Nikaona wifi na mume wangu wananong'ona jikoni, nikiingia wanaanza kuzungumzia bei ya nondo. Mume wangu karakana yake iko karibu, anakula mchana nyumbani. Kila mchana wako watatu mezani. Baba, mtoto, na mwanamke mwingine. Hata kama ni dada yake, mezani pangu pana watatu na mimi simo.

Ndipo umeme ulipokatika kazini.

Cherehani zetu bila umeme ni meza tu. Msimamizi akangoja, akachoka, akaturuhusu. Nikapita uchochoro wa nyuma kukwepa jua, na nilipofika chini ya dirisha la jikoni kwangu nikamsikia wifi.

"Hiki ni nini?"

Kimya. Kimya kirefu, nikadhani amejibiwa kwa kidole.

Kisha sauti ndogo, ya kukwaruza kidogo kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, ikasema, "Maji."

Nilishika ukuta.

"Eee, maji. Haya, kunywa, baba. Na hiki?"

"Kiko-kombe."

"Kikombe. Na hii?"

"Ndizi."

Wasomaji, nilikuwa nimeingoja sauti ile tangu nijue kungoja. Nilikuwa nimeifungia saumu na kuiswalia na kuiota. Na sasa nimeisikia nikiwa nimesimama nje kama mdai, karibu na ndoo ya uchafu, mtoto wangu anazungumza na mwanamke mwingine, na kwa jinsi walivyozoeana haikuwa mara ya kwanza.

Niliingia. Meneja aliponiona aliruka kutoka kitini akanikumbatia miguu. Nikachuchumaa.

"Sema maji, mwanangu. Mwambie mama. Maji."

Akanitazama. Akanyoosha kidole kwenye kikombe.

"Sema."

Akanyoosha kidole tena, kwa mshangao, kama ananiuliza tangu lini nimeacha kumwelewa.

Nikainuka. "Tangu lini?"

Wifi alikuwa amesimama na ganda la ndizi mkononi. "Wifi, kaa kwanza."

"Tangu lini mtoto anasema, na mimi sijui?"

"Siku kadhaa. Tulitaka—"

"Mlitaka. Wewe na nani?"

"Mimi na baba yake. Tulikuwa tunangoja—"

Sikungoja. Mdomo ulinitangulia. Nilimwambia ameingia nyumbani mwangu kwa begi moja na anataka kutoka na mtoto. Nilimwambia aliniambia nimuage getini ili mtoto anizoee mgongo. Alijaribu kunishika mkono, nikauvuta. Halafu nikatoa lile ambalo nilikuwa nimeshalinoa bila kujua.

"Kama unataka mtoto wa kuzungumza naye, wifi, zaa wako."

Msusi yule, mdomo usiojua likizo, aliweka ganda la ndizi mezani taratibu, akapangusa vidole kwenye gauni, akaingia chumbani kwake. Nikasikia zipu ya begi.

Mume wangu aliporudi jioni alikuta nyumba imenuna. Alizungumza na dada yake chumbani, akatoka macho mekundu. Na mimi hakunisemesha.

Asubuhi wifi alitoka amevaa viatu vya safari. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, macho yamevimba. Mume wangu alikuwa ameshatoka na begi, anamngojea barabarani.

"Nipe mtoto nimuage," akasema.

"Anakula."

"Sikai. Nimuage tu, nimwambie nakwenda."

"Atalia, wifi. Na wewe hutakuwepo wa kumbembeleza, nitabaki naye mimi. Pita mlango wa nyuma."

"Mimi nifanyie utakalo. Lakini yeye usimfanyie hivyo, nakuomba. Ameshaanza kuamini kwamba mtu akitoka anatoka kweli, na akisema atarudi anarudi."

"Pita mlango wa nyuma."

Akapita. Na hapa ndipo mtanichukia, na mna haki. Kandambili zake za kijani alikuwa amezisahau bafuni. Nikazichukua. Nikazipanga vizuri mlangoni mwa chumba chake. Nikaingia ndani, nikawasha redio, nikaurudisha mlango.

Nilijiambia atazoea. Nilijiambia leo nimeomba ruhusa kazini, nitashinda naye, na kabla ya jioni atakuwa wangu tena. Nilikuwa nimeshanunua mpira mwekundu mpya kwa ajili hiyo.

Meneja alimaliza mkate, akashuka kitini, akaenda kumtafuta shangazi yake. Aliziona kandambili. Uso ukamkunjuka. Akakaa chini, mgongo ukutani, akangoja.

Nilimwita kwenye mpira. Akanitazama kwa heshima, akabaki.

Nilimletea ndizi. Akaipokea, akaivunja, kipande kimoja akala, kingine akakiweka juu ya kandambili moja. Cha shangazi hicho.

Redio ikasoma habari, ikapiga muziki, ikasoma habari tena. Kila sauti ya mwanamke ikitangaza kitu, Meneja anaelekeza sikio mlangoni. Mara moja akagonga kwa kiganja, kidogo tu, halafu akarudisha mkono mapajani.

Ndipo nilipokiona kile ambacho jirani alikuwa anakiita "hasumbui kabisa". Sikuwahi kukiona, maana wakati ule mimi nilikuwa nimeshafika kazini. Hivi ndivyo mwanangu alivyokuwa ananingoja mimi, kila asubuhi, kwenye mlango ambao nyuma yake hapakuwa na mtu. Nilijifungia jikoni nikauma ncha ya khanga nisisikike.

Mume wangu alikuja kula mchana. Alimwona mtoto pale chini, akaziona kandambili, akaisikia redio. Akaelewa yote bila kuuliza.

"Umemfanyia tena," akasema.

"Nilitaka asilie."

Akavuta kiti, akakaa, hakugusa chakula. "Unajua dada alikuwa anangoja nini? Unajua kwa nini hatukukwambia?"

"Mlinificha."

"Tulikuficha, ndiyo. Maji, ndizi, paka, hayo yalikuja yenyewe. Lakini dada alisema neno la kwanza utakalolisikia wewe lisiwe ndizi. Kila siku ukishaondoka anampeleka kwenye kandambili zako. Anamwambia, 'Hizi za nani? Za mama. Mama yuko wapi? Anashona. Mama atafanya nini? Atarudi.' Siku ya kwanza mtoto alizikumbatia tu."

Nikamtazama.

"Mama Meneja, anakuita. Mchana kutwa anakuita. Mama, mama, mama, mpaka mimi nachoka. Ukiingia tu ananyamaza, kwa sababu ukiingia hana haja tena, unampa kila kitu kabla hajakitaka. Dada alikuwa anatafuta namna ya kukufundisha kunyamaza bila kukuumiza. Hicho ndicho tulichokuwa tunanong'ona jikoni."

Niligeuka kumwangalia mtoto pale chini.

"Alifundisha mtoto wa mwenzake kusema mama," mume wangu akasema, "na wewe ukamwambia azae wake."

Akarudi kazini na njaa yake.

Nilikwenda mlangoni pale. Nikazima redio. Nikaufungua mlango wa chumba mpaka mwisho, Meneja akasimama haraka, akaingia. Kitanda kimetandikwa. Kabati tupu. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya mlango tena. Sikumdanganya. Nilikaa chini nikamwambia, "Shangazi ameondoka. Mama ndiye aliyemwondoa."

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, ningekishukuru. Alitoka, akazichukua zile kandambili za kijani, moja akaivuta, moja akaikumbatia, akaniletea. Akazipanga mbele ya miguu yangu. Kisha akanyoosha kidole getini.

Nilielewa. Mnanijua, mimi huelewa. Lakini nilikaa kimya, nikamtazama, kama wifi anavyofanya. Akanyoosha kidole tena. Akavuta kandambili karibu zaidi.

Nikachukua simu, nikampigia wifi, nikaiweka sauti ya juu. Iliita mpaka nikakata tamaa, halafu ikapokelewa. Nyuma yake nikasikia injini na kondakta anaita abiria wakae.

"Unasemaje, wifi," akasema. Hakuuliza. Sauti imechoka.

Nilikuwa na maneno mengi. Samahani peke yake ilikuwa inajaza mdomo mzima. Lakini Meneja alikuwa ameisikia ile sauti, ameikimbilia simu, ameishika kwa mikono miwili. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akanyoosha kidole kwenye simu, kisha akaninyooshea mimi. Sema wewe, mama. Wewe ndiye unayesemaga.

Nikafumbua mdomo, nikaufumba.

"Haloo?" wifi akasema. "Wifi, basi limetuchelewesha tangu asubuhi, sasa linaondoka. Kama umenipigia kuninyamazia, nakata."

Niliuma ulimi mpaka nikausikia. Neno lilikuwa pale, mwanangu anavuta pumzi, midomo inatafuta umbo. Akilisema, neno la kwanza nitakalolisikia akilisema mbele yangu litakuwa la kumwita mwanamke mwingine. Asipolisema, wifi atakata.

"Haya, kwaheri," wifi akasema.

Meneja akaisogeza simu mdomoni.